Kigae chenye mfuo: kazi za mikono ndani ya nyumba za kale za Pemba

Mtu akitaja mji wa kale wa Waswahili, wengi wetu huona mawe: msikiti ulioporomoka paa, makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu, ngome ya Pujini ambayo wazee husema ilijengwa kwa jasho la watu walioteswa na Mkama Ndume, mtawala wa kale wa kisiwa hicho. Baada ya mawe huja majahazi, na baada ya majahazi huja matajiri na bidhaa zao. Yote hayo yalikuwepo. Lakini watu wa miji hiyo walikuwa pia mafundi, na sehemu kubwa ya ufundi wao haikufanyika bandarini wala kwenye karakana ya mtu maalumu. Ilifanyika uani na barazani, katika nyumba za kukandika ambazo leo hazina hata kichuguu cha kuzitambulisha.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ukuta wa mawe unajitangaza wenyewe. Kazi ya mikono iliyofanywa miaka elfu moja iliyopita katika nyumba ya miti na udongo haijitangazi. Inabidi itambuliwe kwa vitu vidogo, na vitu vidogo hivyo vinaweza kutudanganya kama hatujui vilifikaje pale vilipokutwa.

Kwa miaka mingi watafiti hawakuvitafuta. Francis Pearce, Mwingereza aliyekuwa Balozi Mkaazi hapa Zanzibar, aliandika mwaka 1920 juu ya magofu ya Pemba kwa mapenzi makubwa, lakini alichokiona ni magofu, na akaona kama wajenzi wake ni watu waliotoka ng'ambo. James Kirkman alichimba Ras Mkumbuu miaka ya 1950, naye alifuata kuta. Ukichimba ukifuata kuta utapata habari za waliokuwa na kuta. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980, Mark Horton alipochimba Shanga, katika visiwa vya Lamu, akakuta chini ya majengo ya mawe tabaka baada ya tabaka la majengo ya miti na udongo. Kumbe mji ulikuwa mji kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Pemba ilipata zamu yake pale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipoichunguza kaskazini ya kisiwa. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye magofu, walipita makondeni wakichimba vishimo vidogo vya majaribio kwa mpangilio, penye gofu na pasipo na gofu, ili ardhi yenyewe iseme watu walikaa wapi. Sehemu mbili zilizotoa habari nyingi zaidi ni jirani: Tumbe, iliyokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka, iliyoinuka katika karne ya 11 na kudumu kwa karne kadhaa. Chwaka ina misikiti ya mawe na makaburi, na watu wa pale huihusisha na Haruni, mtoto wa Mkama Ndume. Tumbe ya kale haina gofu hata moja. Leo jina la Tumbe linamkumbusha Mpemba soko la samaki, na anayelima konde pale juu anaweza asijue kwamba jembe lake linapita katikati ya makaazi makubwa ya watu wa karne ya 8.

Kitu kilichoipatia Tumbe sifa miongoni mwa wanaakiolojia si dhahabu. Ni vipande vya vyungu vilivyovunjika. Kigae chenyewe ni cha kawaida, kimetoka kwenye chungu cha kupikia kilichofinyangwa papo hapo kisiwani, ukubwa wake waweza kukaa ndani ya kiganja. Ukikigeuza unaona mfuo uliochimbika juu yake: mchirizi mwembamba ulionyooka, wenye tumbo la mviringo, upana wa milimita chache tu. Vingine vina mfuo mmoja, vingine miwili au mitatu inayokwenda sambamba, na vingine vimesuguliwa pande zote mbili mpaka karibu kukatika. Ukipitisha ukucha ndani ya mfuo unakuta umelainika, tofauti na ngozi ya kigae iliyobaki na mchanga wake.

Hiki ni kinoo cha kulainishia ushanga. Fundi alivunja kombe la baharini au gamba la konokono, akalichonga kuwa vipande vidogo vya duara isiyokamilika, akavitoboa kwa keekee, kisha akavitunga vingi kwa pamoja kwenye uzi ulio imara. Huo mkufu wa vipande vyenye kingo za makali ndio uliosukumwa mbele na nyuma ndani ya mfuo, labda kwa maji na mchanga kidogo, mpaka kingo zote zikalingana na kila kipande kikawa ushanga. Kazi ya namna hii bado inajulikana Kalahari, ambako maganda ya mayai ya mbuni hulainishwa kwenye mawe yenye mifuo. Kwa hiyo upana wa mfuo unatupa kipimo cha ushanga uliotoka, hata kama ushanga wenyewe umekwenda zake zamani.

Vinoo hivi huonekana katika makaazi mengi ya mwanzo ya pwani yetu, Unguja Ukuu na Fukuchani, katika kisiwa cha Unguja, zikiwemo. Tofauti ni wingi. Tumbe ilitoa zaidi ya elfu mbili, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote uliowahi kuchunguzwa Afrika Mashariki. Mwaka 2006 zilipochimbwa nyumba mbili za udongo zilizokaa jirani, vinoo vilikutwa katika makaazi yenyewe, pamoja na vyungu vya kupikia, mifupa ya samaki na vipande vya mitungi ya rangi ya buluu na kijani iliyotoka Ghuba ya Uajemi.

Sasa, kutoka kwenye wingi wa vinoo hadi kusema kwamba ushanga ulitengenezwa majumbani ni hatua ndefu, na inafaa tuitembee polepole, maana ndiyo roho ya jambo hili.

Kinachotazamwa kwanza ni mtawanyiko. Tuseme mji una nyumba ishirini, na vinoo vyote vimekutwa kwenye nyumba moja. Hapo tungesema kulikuwa na fundi, watu wengine wakimwendea. Tuseme vimekutwa kwenye kiwanja kimoja nje ya nyumba zote: hiyo ni karakana, pengine ya mwenye mji au ya tajiri. Lakini vikikutwa kila unapochimba, kidogo hapa na kingi pale, vikiwa vimechanganyika na takataka za jikoni, basi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wengi, kila nyumba kwa wakati wake. Tumbe inafanana na hali hii ya tatu.

Kisha hutazamwa zana zenyewe. Kinoo cha Tumbe hakikununuliwa. Chungu kimevunjika, mtu akaokota kigae akakifanyia kazi, kikichoka akakitupa na kuokota kingine. Hakuna mtaji uliotakiwa, wala idhini ya mtu. Kazi yenye zana za bure kama hizo inaweza kuingia katika nyumba yoyote, ikafanywa baada ya kupwa kwa maji, au jioni, au wakati mvua inazuia watu kwenda kondeni.

Halafu kuna swali ambalo watu wengi hulisahau: je, kitu kilikutwa pale kilipotumika? Mara nyingi sivyo. Mama aliyefagia nyumba yake ya udongo karne ya 8 alifanya kama afanyavyo mama wa leo, taka zilikwenda jaani. Kikubwa kilichokuwa kinakera kiliondolewa, kidogo kilichokanyagwa kikazama sakafuni. Ndiyo maana mwanaakiolojia wa nyumba humthamini sana mtoto wa kigae kuliko kigae kikubwa: chembe za kombe lililochongwa, zilizozama kwenye sakafu ya udongo, ni ushahidi wa mahali pa kazi kuliko kinoo kizima kilichotupwa shimoni. Na juu ya ufagio kuna kaa wa nchi kavu wanaochimba, mizizi ya minazi na mikarafuu, na jembe la muhogo. Kila kimoja kimehamisha vitu juu na chini. Kwa hiyo udongo huchekechwa kwa chekeche lenye matundu madogo, na sehemu yake hutiwa majini ili mbegu na mkaa vielee na kukusanywa. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo hakuna historia ya nyumba, kuna historia ya vitu vizuri tu.

Limebaki fumbo moja. Vinoo ni vingi mno, lakini shanga za kombe zenyewe, katika makaazi haya ya mwanzo, ni chache ukilinganisha navyo. Maelezo yenye nguvu, kwa maoni yangu, ni kwamba shanga zilitengenezwa ili ziondoke. Huwezi kujaza kiwanja kizima kwa vinoo vilivyochakaa kisha ukasema watu walikuwa wanajitengenezea mapambo ya sikukuu. Kama ni hivyo, basi ule usemi wa kwamba pwani ilikuwa kituo cha kupitishia bidhaa za wengine unahitaji kutazamwa upya. Nyumba ya udongo ya Tumbe ilikuwa na mtungi wa Uajemi kwa sababu ilikuwa na kitu cha kutoa, na kilichotolewa, angalau kwa sehemu, kilipita kwenye mfuo wa kigae.

Kazi nyingine zina dalili za namna yao. Ufinyanzi wa mkono, usiotumia gurudumu, hauachi tanuri. Vyungu hupangwa chini, hufunikwa kuni, majani na makumbi, huchomwa, na baada ya mvua mbili tatu majivu yamekwisha. Hapa ushahidi unatoka kwenye chungu chenyewe: udongo wake, mchanga uliochanganywa, na pambo la pembetatu zilizochorwa shingoni kabla hakijakauka, pambo linalokutwa pwani nzima na mpaka bara katika karne ya 7 hadi ya 10. Uhunzi, kinyume chake, ni mchafu na unaacha mengi. Mavi ya chuma, yaani taka ngumu zinazobaki chuma kinapoyeyushwa au kufuliwa, hayaozi. Abdurahman Juma aliyakuta Unguja Ukuu alipochimba huko miaka ya 1990. Ila lazima kutofautisha mavi ya kuyeyushia mawe ya chuma na yale ya kufulia chuma kilichokwisha kuyeyushwa, maana ya kwanza ni kazi ya moto mkubwa mbali na nyumba, na ya pili inaweza kufanyika karibu na nyumba. Panapofuliwa chuma, kila pigo la nyundo hurusha magamba membamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Ni vigumu kuyaona kwa macho katikati ya udongo, lakini sumaku ikipitishwa kwenye udongo uliokauka huyavuta, na mahali pa fuawe pakajulikana.

Hizo ni kazi zilizoacha alama. Nyingi zaidi hazikuacha. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1, asiyejulikana jina, aliyeeleza njia za bahari hii, anakitaja kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wataalamu wanakihusisha na Pemba, Unguja au Mafia. Anasema watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya kuchonga, na walikuwa wakinasa kasa na samaki kwa vikapu vilivyotegwa kwenye mikondo ya maji. Mvuvi yeyote wa visiwani anayejua dema anaelewa kinachozungumzwa. Lakini chimba utakavyochimba, dema la karne ya 1 hulipati. Vivyo hivyo mkeka, pakacha, makuti ya paa, kamba ya mtepe. Tazama kazi ya makumbi, ambayo wanawake wa pwani zetu wanaifanya mpaka leo: kumbi linafukiwa kwenye matope ya ufukwe, linazuiwa na mawe lisichukuliwe na maji, linaachwa miezi kadhaa lioze, linafukuliwa, linapigwa kwa mti mpaka nyama yote itoke ubaki usumba, kisha usumba unasokotwa kuwa kamba. Ni siku nyingi za kazi na mikono mingi, na alama inayobaki ardhini ni vijiwe vichache ufukweni. Mabaki ya nazi yamekutwa Tumbe na Chwaka, kwa hiyo makumbi yalikuwepo. Kwa hesabu ya haki, kila tunachokiona katika uchimbaji ni sehemu ndogo ya kazi ya nyumba, na pengine si sehemu kubwa zaidi katika maisha ya watu wenyewe. Hili naliona ni muhimu kuliko takwimu yoyote ya vigae.

Tumbe iliachwa katika karne ya 10. Chwaka ilipoinuka baadaye, maisha ya nyumbani yalikuwa yamegeuka. Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua kutoka sehemu zote mbili, alikuta kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, na watu wa Chwaka wakahamia kwenye mpunga. Pamba nayo ikaingia, mbegu zake zikiwa kwenye majivu ya Chwaka. Wakati huohuo, vinoo vya ushanga vinapungua katika pwani nzima mpaka karibu kutoweka, na mahali pake panajitokeza kigae cha aina nyingine, katika miji kama Kilwa na Shanga: kigae kilichochongwa kuwa duara, kikatobolewa katikati, kikavishwa kwenye kijiti ili kukipa uzito kizunguke sawasawa wakati uzi wa pamba unasokotwa. Chungu kilichovunjika kimepata kazi mpya.

Kigae hicho cha duara kinapima mengi. Kikiwa kizito, uzi ni mnene, na kikiwa chepesi, uzi unaweza kuwa mwembamba bila kukatika. Kingo zilizochongwa vibaya, na tundu lililoanzwa upande mmoja likaachwa, zinaonyesha kwamba kilitengenezwa hapohapo na anayekitumia. Na kinaleta mgongano mzuri na maandishi. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema watu wa Pemba, Unguja na Mafia walivaa nguo nzuri za hariri na pamba walizozinunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, bandari ya Gujarat huko India. Ukimsoma yeye peke yake utaamini kwamba visiwa vyetu vilivaa cha kununua tu. Lakini huyohuyo, akizungumzia Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, anaeleza kwamba Waislamu wa huko walifuma pamba nyeupe waliyoilima, na kwa kuwa hawakuwa na namna ya kuitia rangi, walichukua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua, wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nguo ya kigeni ilikuwa malighafi. Hapo mstari baina ya kununua na kutengeneza unafutika, na hautarudi tena.

Chwaka inafundisha jambo jingine juu ya ukubwa wa kazi. Mji ulipokua, vijiji vidogo vya jirani vilipungua, dalili kwamba watu walihamia mjini. Wengi wao hawakupata nyumba za mawe. Waliendelea na kukandika, na misikiti ya mawe ikasimama katikati ya nyumba za udongo. Fleisher anaona mpunga na mabakuli makubwa ya kipindi hiki kama alama za karamu, za watu kutafuta heshima kwa kulisha wenzao. Nikubali hoja hiyo, lakini karamu ni kazi. Mpunga unalimwa, unatwangwa, unapetwa, na mabakuli yanafinyangwa. Nyuma ya kila mwenye heshima wa Chwaka ilikuwepo nyumba, au nyumba nyingi, za watu wenye mikono yenye sugu.

Ni nani hasa? Ardhi haitaji jinsia wala cheo. Desturi yetu inamweka mwanamke kwenye ufinyanzi na kamba, na mwanamme kwenye uhunzi, na inashawishi kuirudisha desturi hiyo nyuma miaka elfu. Nadhani tuirudishe kwa tahadhari, kwa sababu ushanga wa kombe haupo katika desturi yetu ya leo, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizoonekana Tumbe. Swali la cheo limeanza kushughulikiwa vizuri zaidi. Henriette Rødland amelilinganisha gofu la Tumbatu, kisiwa kidogo karibu na Unguja, lenye nyumba zake za mawe, na makaazi ya Mkokotoni ng'ambo ya mkondo, yenye nyumba za udongo na shanga za kioo kwa wingi wa kushangaza, akiuliza kazi ya nani ilijenga nini katika karne za 11 hadi 14. Songo Mnara, katika visiwa vya Kilwa, Stephanie Wynne-Jones na Fleisher walichukua sampuli za udongo kutoka sakafu za vyumba, kisehemu kwa kisehemu, zikapimwa kemikali zake na chembe za mimea zisizooza, ili kujua wapi palikaa moto, wapi palitandazwa majani, wapi palifanyika kazi. Njia kama hizo zimetumika pia Unguja Ukuu, ambako sakafu moja iliyokanyagwa husomwa kwa darubini kama kurasa zilizobanana.

Kazi ya namna hii inadai kitu kimoja kutoka kwetu tunaoishi juu ya maeneo hayo. Kigae chenye mfuo kikiokotwa kondeni na kupelekwa nyumbani, kinabaki kuwa kigae. Kikiachwa pale kilipo, na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ikaarifiwa, kinabaki na jirani zake: sakafu, majivu, chembe za kombe, nyumba ya pili iliyokuwa ng'ambo ya ua. Tumbe zimechimbwa nyumba chache tu. Nyingine zote zimo bado chini ya muhogo.